Katibu wa Loji: Mtu wa Siri au Mtu wa Kalamu?

Miongoni mwa maneno ya utawala yaliyopata makao katika Kiswahili, neno katibu lastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kilatini cha zama za kati mwenye kazi hiyo aliitwa secretarius, jina lililotokana na secretum, yaani siri. Naye alikuwa mtu aliyeaminiwa kwa mambo yasiyopaswa kutoka nje. Kutoka huko likaja jina linalotumiwa na Waingereza na Wafaransa hata leo. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Kilichukua neno la Kiarabu, la shina lile lile lililozaa kitabu na maktaba, na maana yake ya asili ni mwandishi. Hivyo Wazungu walimwita mtu huyo kwa kile anachokificha, na Waswahili kwa kile anachokiandika.

Tofauti hiyo yadhihirika sana katika vyama vya udugu vyenye viapo, na hasa katika loji za Frimasoni. Loji hizo zimo London na Boston, na zimo Nairobi na Dar es Salaam pia. Na katika mazungumzo ya mitaani husemwa kwamba zote ni siri tupu. Anayetaka kuipima kauli hiyo hana budi kuitazama kazi ya katibu.

Katika loji zinazofuata kanuni za Uingereza, mkuu wa loji huchaguliwa kwa kura kila mwaka, na mtunza fedha vile vile. Lakini katibu huteuliwa na mkuu. Wakuu hupokezana kiti, hali katibu aweza kudumu miaka mingi, na kwa sababu hiyo mara nyingi yeye ndiye azijuaye desturi, ahadi na madeni ya loji kuliko wenzake. Alama ya cheo chake, ivaliwayo shingoni, ni kalamu mbili za manyoya zilizopishana na kufungwa kwa utepe.

Kabla ya mkutano, katibu hupeleka wito kwa kila mwanachama, pamoja na orodha ya mambo yatakayofanywa. Wito huo si adabu tu. Mtu aombaye kuingia sharti jina lake na habari zake ziandikwe humo, ili kila mwenye neno juu yake apate nafasi ya kulifikiri. Kura yenyewe hupigwa kwa siri, kwa vigololi, na kwa kanuni za Uingereza vigololi vyeusi vitatu vyatosha kumkataa mwombaji. Basi jina huwa wazi kwa wanachama wote, na kura hufichwa. Katibu huandika matokeo, wala hawezi kuandika ni nani aliyemkataa, kwa kuwa hajui.

Baada ya mkutano huandika habari zake katika daftari. Katika mkutano ufuatao habari hizo huthibitishwa, na mkuu hutia sahihi. Tena katibu hutunza orodha ya wanachama, huipelekea Loji Kuu hesabu yao kila mwaka, na hujibu barua. Kwa desturi yeye hudai ada na mtunza fedha huiweka, ili kalamu na mfuko visiwe katika mkono mmoja. Lakini daftari lina mpaka. Mtu akiingizwa, daftari lasema kwamba fulani amepewa daraja ya kwanza, ile ya mwanagenzi; maneno ya taratibu hiyo na ishara zake hayaandikwi humo, bali hukaririwa kwa moyo.

Mpaka huo ni wa zamani kuliko Loji Kuu ya kwanza, iliyoundwa London mwaka 1717. Huko Uskochi, William Schaw, msimamizi wa majengo ya Mfalme James wa Sita, aliwatolea mafundi wa mawe amri mbili, ya kwanza mwaka 1598 na ya pili tarehe 28 Desemba 1599. Ile ya pili iliihusu hasa loji ya Kilwinning. Iliagiza kwamba achaguliwe mwandishi wa hati za sheria mwenye sifa njema awe karani wa loji, na kwamba mapatano ya wanagenzi na maandishi yote ya ufundi yaandikwe na yeye peke yake. Hati isiyokuwa na mkono wake isikubaliwe. Na katika amri hiyo hiyo mafundi na wanagenzi waliamriwa wapimwe katika sanaa ya kukumbuka. Kalamu na kumbukumbu ya moyo zilikwenda pamoja, kila moja na mahali pake. Daftari la loji ya Edinburgh lenye habari za tangu mwaka 1599 lingalipo.

Karne mbili baadaye kalamu ya katibu ikawa ngao ya loji mbele ya sheria. Mwaka 1799, kwa hofu ya mapinduzi kama yale ya Ufaransa, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku vyama vyenye viapo vya siri. Loji za Frimasoni zilisamehewa kwa sharti moja: kila mwaka majina ya wanachama, makao yao na kazi zao yaandikwe na kukabidhiwa karani wa mahakama ya wilaya. Sharti hilo lilidumu mpaka mwaka 1967. Kwa hiyo orodha ya majina ndiyo iliyoitenga loji halali na chama cha haramu, na orodha hizo leo ni hazina ya wanahistoria.

Pale maandishi yanapokatika, madhara yake huwa makubwa. Prince Hall, mtu mweusi huru wa Boston, pamoja na wenzake, waliomba kibali cha loji kutoka London. Kibali kiliandikwa tarehe 29 Septemba 1784, lakini hakikuwafikia mpaka mwaka 1787. Loji yao, iliyoitwa African Lodge, ilipewa nambari 459. Hall mwenyewe aliandika barua nyingi, naye alipeleka michango. Lakini njia ya baharini haikuaminika, na mawasiliano yalififia. Mwaka 1792 nambari za loji zilipobadilishwa, ya kwao ikawa 370. Baada ya Loji Kuu mbili za Uingereza kuungana mwaka 1813, jina la African Lodge lilifutwa katika daftari la London. Mwaka 1827 ndugu hao walijitangaza kuwa wanajitegemea. Kwa miaka mingi waliowabagua walitumia kufutwa huko kuwa hoja ya kuwakana. Nao kwa upande wao walijitetea kwa kibali walichokitunza na barua zilizosalia. Loji Kuu ya Uingereza iliwatambua warithi wao wa Massachusetts mwaka 1994. Udugu uliodaiwa kukaa moyoni ulihitaji karatasi ili usikanwe.

Kiswahili kina majina mawili kwa yale yaandikwayo mkutanoni, nayo yote mawili yafaa hapa. Muhtasari latoka katika neno la Kiarabu la kufupisha. Kumbukumbu latoka katika kitenzi kumbuka. La kwanza laonyesha kwamba mwandishi huchagua na kuacha. La pili, kwamba alichokichagua kitakumbukwa na wasiokuwapo. Katibu wa loji hufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Akiandika yote, amevunja kiapo. Asipoandika la kutosha, amewanyima ndugu zake ushahidi siku watakapouhitaji.

Kwa hiyo mfasiri akutanaye na cheo hiki hana haja ya kuunda neno jipya, wala asishawishiwe na asili ya Kilatini kumwita mtunza siri. Siri ya loji hutunzwa na kila aliyekula kiapo. Kazi ya katibu peke yake ni kuandika. Neno katibu lamfaa.