Masomo ya mtandao yasiishie mijini

Msafiri atokaye Segera kwenda Moshi hufika Mombo, penye njia panda ya kupandia Soni na Lushoto. Hapo chini ya Milima ya Usambara wanaishi wakulima wa mpunga na wachuuzi wa kando ya barabara, na katika nyumba zao wamo watoto wanaosoma sekondari. Tangu Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, hesabu ya watoto wa namna hii imeongezeka nchini kote. Walimu, hasa wa hisabati na sayansi, hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Kwa sababu hiyo tunayapokea kwa furaha masomo ya sekondari yatolewayo kwa njia ya mtandao. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Bibi Faraja Nyalandu, imeweka mtandaoni masomo yanayofuata mtaala wetu wenyewe, tena ikawafikiria hata wenye simu za kawaida kwa kuwapelekea maswali kwa ujumbe mfupi. Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi wasirudi madarasani hadi mwishoni mwa Juni.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Somo kuwapo mtandaoni si sawa na somo kumfikia mtoto. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Na nyumbani simu ni ya baba, naye huondoka nayo alfajiri kwenda shambani. Irudipo jioni, salio la intaneti limekwisha, na binti ana maji ya kuteka na chakula cha kupika. Tena masomo ya sekondari yameandikwa kwa Kiingereza, hali mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Akikwama kwenye neno moja, hana wa kumwuliza.

Taifa letu limekwisha kulikabili jambo kama hili. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, mafunzo yalitolewa kwa redio, na karibu watu milioni mbili wakajifunza. Wengi wao hawakuwa na redio zao. Walikusanyika katika vikundi, redio moja kwa watu wengi, wakiwa na kijitabu na kiongozi aliyefunzwa, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mafanikio yale yalitokana na kikundi na kiongozi wake, wala si redio peke yake.

Kwa maoni yetu, fundisho hilo lingefaa kutumika leo. Shule ya sekondari iliyo na umeme na kompyuta chache ifungue chumba chake baada ya saa za masomo. Masomo yapakuliwe mara moja na kuhifadhiwa humo, ili mtoto asihitaji kununua kifurushi kila siku. Awepo mwalimu mmoja, ijapokuwa si wa fizikia, wa kuongoza kikundi na kufafanua kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapokuwa kigumu. Kazi hiyo ya ziada ilipwe, isiwe mzigo mwingine juu ya mzigo. Nayo makampuni ya simu yasiwatoze wanafunzi gharama za kufungua kurasa za masomo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Saa moja ya binti kukaa na kitabu au simu ya nyumbani isihesabiwe kuwa ni uvivu.

Tusipofanya hivyo, mtandao utampa zaidi yule aliyekwisha kuwa na mwalimu, na mtoto wa Mombo atabaki nyuma zaidi ya alivyokuwa kabla haujaja. Elimu iliyofutiwa ada isirudishiwe ada kwa mlango wa simu.