Fidia ya Ulemavu kwa Wanajeshi Wastaafu: Tarehe na Ushahidi

Wakazi wa wilaya waliolitumikia Jeshi la Uingereza, wakiwamo waliozaliwa Kenya na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola, wana haki ya kudai fidia kwa majeraha au maradhi yaliyosababishwa na utumishi wao. Wengine huiacha haki hiyo kwa kudhani kuwa ni ya waliojeruhiwa vitani pekee. Sivyo. Goti lililoumia mazoezini, masikio yaliyodhoofishwa na milio ya bunduki, hata maradhi ya akili yaliyotokana na kazi, vyote vinaweza kudaiwa.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni tarehe. Madhara ya utumishi wa kabla ya tarehe 6 Aprili 2005 huangukia Mpango wa Pensheni ya Vita. Mpango huo hauna ukomo wa muda wa kudai, lakini kwa kawaida malipo huhesabiwa tangu siku ya maombi, anayesita hupoteza. Madhara ya utumishi wa tarehe hiyo na baada yake yako chini ya Mpango wa Fidia ya Majeshi, ambao kwa kawaida hutaka dai liwasilishwe ndani ya miaka 7. Maradhi yanayochelewa kujitokeza yana masharti yake. Hivyo aliyepitwa na miaka hiyo asikate tamaa kabla ya kutafuta ushauri.

Jambo la pili ni ushahidi. Cheti cha daktari huthibitisha kwamba goti limeharibika, lakini peke yake hakionyeshi kwamba jeshi ndilo chanzo. Katika mpango mpya, utumishi sharti uwe sababu kuu ya madhara. Kwa hiyo mdai aeleze aliumia lini na wapi, alikuwa katika kazi gani, nani alishuhudia, na alitibiwa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari: tukio lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za jeshi huhitaji maelezo ya walioliona.

Dai likikataliwa, au malipo yakiwa madogo kuliko madhara, huo si mwisho. Mdai anaweza kuomba uamuzi utazamwe upya, au kukata rufaa ndani ya miezi 12 kwenye baraza la rufaa lililo huru, lisilo chini ya Wizara ya Ulinzi. Kudai hakuna ada, na Royal British Legion huwasaidia wadai bila malipo.

Fidia hizi hazitozwi kodi ya mapato. Anayepata msaada wa kulipia pango la nyumba aijulishe halmashauri anapoanza kulipwa pensheni ya vita. Katika kukokotoa msaada huo, sheria huziacha pauni 10 za kwanza za pensheni kila wiki, na halmashauri ina mamlaka ya kutoihesabu pensheni yote.