Afaye Mchezoni Huamka

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Chumba hakina moto, hakina maji, hakina nyoka, aingiaye hatoki."

Wengi wenu mtajibu: kaburi. Kuli wa bandarini atajibu: tumbo la meli. Naye hakukosea. Chuma chakavu, makaa ya mawe na magogo, vikifungiwa humo safari nzima, huila oksijeni. Hewa tuivutayo ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Ikishuka chini ya 10, mtu huzimia asijue kimpatacho, kwani hasikii harufu wala haoni moshi.

Jamaa yangu mmoja alikufa hivyo. Naye hakuwa wa kwanza kuanguka. Alikuwa wa pili. Alimwona mwenziwe kalala chini, akashuka ngazi mbio kumwokoa. Amri ya kutoingia kabla hewa haijapimwa aliijua kwa ghibu. Lakini sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba kuhifadhi ni jambo moja na kufahamu ni jingine. Ulimi wake ulihifadhi. Miguu yake haikuhifadhi.

Juzi nilialikwa kutazama vibarua wakifunzwa kwa mchezo. Mnyapara alichora mraba kwa chaki, akamlaza kijana ndani. "Mwenzenu kaanguka, haya!" Wawili wakamrukia. Firimbi ikalia: "Nanyi mmekufa. Laleni hapo." Watu wakacheka. Wa tatu akaingia, naye akalazwa. Kicheko kikapungua.

Mchezo ulipoanza upya, mmoja alibaki nje ya mstari. Mikono ikimtetema, akapaza sauti kuwaita wenye mitungi ya hewa na kamba. Huyo ndiye aliyeshinda.

Mzee mmoja akaninong'oneza: "Bwana, kusimama pale ni kazi nzito kuliko kubeba gunia."

Sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kuwafunza watu wake, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kamati hizo zisiishie kwenye makaratasi. Naam, mchezo haupimi hewa, na kununua vipimo na mitungi ni wajibu wa tajiri. Lakini mchezo una jambo ambalo bango la ukutani halina: afaye mchezoni huamka, akajua alipokosea, akarudia.

Jamaa yangu alicheza mara moja tu.