Dua ya Mvua Inamdai Nani?

Mvua ilipokosekana katika milima ya Usambara, Tanzania, zama za wafalme wa ukoo wa Kilindi, macho ya watu yalielekea Vuga, kwenye makao ya mfalme. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza kwa kina imani ya Washambaa wa huko kwamba mtawala mmoja mwenye nguvu huiponya nchi, kuzifya shi, na watawala wanaogombania nguvu huiharibu, kubana shi. Haikuwa imani tupu. Alipofariki mfalme Kimweri ye Nyumbai katika miaka ya 1860, warithi wake walipigana na raia wakauzwa utumwani. Ufisadi wa madaraka na njaa vilionekana kwa pamoja. Hata Waingereza walipolazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko katika mradi wa Mlalo, Usambara, ulioanza 1946, wakulima walikuwa na lugha tayari ya kuwashtaki machifu wao waliosimamia amri hiyo: mnaiharibu nchi. Dini hapa ilikuwa lugha ya kudai uwajibikaji.

Uislamu uliotoka pwani, na Ukristo wa wamisionari wa Bethel waliofika Mlalo 1891, vilileta maneno mengine: toba, mtihani, subira. Maneno hayo yana uzito wake, maana humfikia mtu asiye na cheo na kumpa nguvu ya kusimama tena. Hatari yake ni kwamba janga likiitwa mtihani tu, mwenye madaraka hukaa safu moja na aliyefiwa, wala haulizwi kitu. Kwa mfano, Machi 2020, akiwa kanisani Dodoma, Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, aliita korona shetani asiyeweza kukaa katika mwili wa Kristo. Mapema 2021 maaskofu Wakatoliki nchini walihimiza sala pamoja na kinga. Imani ni ileile, lakini maaskofu waliwapa watu kazi ya kufanya.

Wapo watakaosema kwamba lugha ya kutafuta mkosaji huzaa tuhuma za uchawi, na bibi kizee ndiye huumia. Ni kweli, nami naichukulia hoja hii kwa uzito mkubwa. Ila dawa yake ni kuielekeza lawama kwa mwenye mamlaka, anayeweza kuhojiwa na kuondolewa. Tukinyamaza, minong'ono itamrudia yule yule mnyonge. Wengine watasema mfiwa anahitaji faraja, si hotuba ya siasa. Faraja msibani ni haki yake. Lakini msiba huisha, na mteremko uliokatwa miti unabaki juu ya nyumba za watu, tayari kuporomoka.

Masheikh na wachungaji wa Lushoto, huku huku Usambara, mnapoomba mvua, semeni pia mimbarani nani ana wajibu wa kulinda msitu na udongo, na mwulizeni amefanya nini.