Usemi wa Siri katika Vituo vya Thika na Ruiru

Katika miji ya Thika na Ruiru, iliyo kando ya barabara kuu itokayo Nairobi, wamo watu ambao wenye kazi na makazi huwapita kila siku pasipo kuwatazama: chokoraa wenye magunia ya chupa na vyuma chakavu, wasukuma mikokoteni, na wale kamagera wa vituo vya matatu, waitao abiria kwa ujira wa shilingi chache kila gari lijaapo. Watu hawa wana usemi wao ambao wenye hadhi huuita uhuni, nami nauita desturi, madhali una kanuni zake, una adabu zake, na umezaliwa na haja ya kweli.

Kuficha maneno si jambo geni katika Kiswahili. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1870 habari za Kinyume cha Unguja, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa mbele, nyumba ikawa mbanyu. Na kwa hila iyo hiyo stori imekuwa risto katika Sheng ya leo, usemi wa mitaani wa miji ya Kenya. Kwa Wasomali nako, Wayibir na Wamidgan, waliobaguliwa kwa nasaba na kwa kazi zao, walikuwa na semi zao za faragha, ambazo J. W. C. Kirk alizieleza mwaka 1905.

Wataalamu wengi huiweka asili ya Sheng katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni na Bahati, katika miaka ya 1970. Lakini wako wasemao kwamba mbegu yake ni usemi wa wezi na wachomoaji mifuko wa miaka ya 1930. Mimi naielekea rai hii ya pili, kwa sababu zama hizo mwanamume Mwafrika aliyekutwa mjini bila kipande, yaani cheti cha utambulisho, alikuwa na hatia hata kama hakuiba kitu, na mtu awindwaye kwa sababu ya kuwapo kwake tu hana budi kutafuta maneno ambayo askari hayafahamu. Sheria ya uzururaji yenyewe, urithi wa ukoloni, haikufutwa ila mwaka 1997. Katikati ya hayo, mwaka 1973, Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, nazo zikaichukua Sheng hadi Ruiru, Juja na Thika, ikaingia vinywani mwa watu wa Kikuyu na kupata lafudhi yao.

Simama kituoni Thika jioni, gari la Nairobi likiwa limebakisha viti viwili. Kamagera anamwambia kondakta jambo lenye finje na mbao ndani yake, yaani shilingi hamsini na ishirini. Kondakta anampa sarafu bila kumtazama, na bati la gari linagongwa mara mbili, dereva akaondoka. Njiani gari lijalo humwashia taa, naye akajua kwamba mbele wako polisi. Lakini kamagera yule yule akijiwa na mama mzee mwenye kikapu, humwita mama, akamwonyesha kiti kwa Kiswahili au Kikuyu safi, kwani usemi wa kituo si wa kumrushia kila mtu.

Kwa waishio mitaani haja ya usemi wa siri ni kubwa zaidi. Hesabu ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 waishio mitaani katika Kenya nzima, na kila mmoja wao hulala mahali ambapo aweza kufukuzwa usiku huo huo. Aghalabu mgeni hupimwa kwa maneno kabla ya kuonyeshwa pa kujilaza.

Taabu ni kwamba siri hizi haziwakalii. Neno karao, lililokuwa la kumficha polisi, sasa lasomwa magazetini; wauza bidhaa na watangazaji wa redio nao huokota maneno ya vituoni na kuyafanyia biashara, na walioyabuni wakalazimika kubuni mengine, kama sanse, ambalo nalo limekwisha kuvuja. Kwa hiyo hapa nimetaja yale tu yaliyokwisha kutoka hadharani. Mengine ninayoyasikia kule sikuyaandika, wala sitayaandika, kwa kuwa wenyewe bado wanayahitaji.