Kidonda kilipona, kidole kikagoma

Hebu jaribu jambo moja, msomaji, kabla hujaendelea. Nyoosha kidole cha shahada cha mkono wako wa kulia, ukikaze kama msumari, kisha ufunge vifungo vya shati lako bila kukikunja. Ukimaliza, shika kalamu uandike jina lako. Mimi nilijaribu nikiwa ofisini wiki iliyopita na wenzangu wakaniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

Sasa mfikirie mtu ambaye riziki yake yote imo katika kidole hicho.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa aina hiyo. Ni Mkamba wa upande wa kaskazini wa Kitui, na mwaka wa 1974, akiwa kijana wa miaka 27, alisifika kijijini kwa shabaha ya uta wake. Uwindaji ulikuwa bado haujapigwa marufuku humu nchini, maana marufuku hiyo ilikuja mwaka wa 1977. Lakini usidhani mjomba alikuwa na leseni. Leseni, anasema, alizisikia redioni tu, na alidhani ni za Wazungu wenye magari.

Siku ya mkasa alikuwa akichuna digidigi, yule paa mdogo asiyefika hata goti la mtu mzima. Kisu chake, kama visu vingi vya mhunzi wa kijijini, hakikuwa na kizuizi baina ya mpini na makali. Mpini ulikuwa umelowa damu. Ncha ikagonga mfupa, kisu kikasimama, lakini mkono haukusimama. Vidole viliteleza hadi kwenye makali. Cha kati kilikwaruzwa tu. Cha shahada kilikatwa upande wa kiganjani, chini kidogo ya kiungo cha katikati.

"Sikusikia uchungu mara moja, mwanangu," huniambia. "Nilisikia kitu kama ugwe wa uta umekatika."

Na kwa hakika ndicho kilichokuwa kimetokea. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba vidole havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko katika mkono, chini ya kiwiko, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kiganjani na kuingia kwenye vidole kupitia njia nyembamba mithili ya mfereji. Shika mkono wako hapo chini ya kiwiko, kisha fumba na kufumbua ngumi, utaihisi misuli ikicheza. Kano ikikatika, kipande cha upande wa kiganja hurudi nyuma kama mpira ulioachiliwa. Kidole hubaki pale pale, kizima kwa kukitazama, ila hakuna wa kukivuta.

Mjomba alikifunga kwa kitambaa cha shati akatembea saa tatu hadi zahanati. Pale alisafishwa, akashonwa, akadungwa sindano ya pepopunda na kuambiwa arudi kutolewa nyuzi. Hakuna aliyemwambia: "Hebu kunja kidole hicho tuone." Simlaumu sana yule mhudumu, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na damu ilikuwa imekoma. Lakini swali hilo moja, ambalo halihitaji mashine wala dawa, ndilo lililokosekana. Baada ya wiki mbili nyuzi zilitolewa. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, kovu safi kabisa. Mjomba akajaribu kufumba ngumi. Vidole vitatu vikatii pamoja na gumba, cha shahada kikagoma.

Kwa mwindaji wa mishale, taabu haikuishia hapo. Sumu ya mishale iliyotumiwa na Wakamba, na pia Wagiriama na Wawaata wa pande za Tsavo, hupikwa kutokana na miti ya jamii ya Acokanthera. Sumu hiyo ikigusa ngozi nzima haina neno kubwa, lakini ikipenya hadi kwenye damu hushambulia moyo. Ndiyo maana wawindaji walikuwa wakiviringisha ngozi laini kwenye ncha ya mshale, ili sumu isikauke na pia wasijichome wenyewe njiani. Basi mtu mwenye kidonda kibichi kidoleni angethubutu vipi kuishika? Mjomba aliitundika podo yake darini, na kwa muda wa miezi miwili hakuigusa. Nyumbani kulikuwa na mke na watoto wawili, na mboga ilikuwa kunde.

Mwezi wa tano tangu aumie, jamaa mmoja alimpeleka kwenye hospitali kubwa. Daktari huko ndiye wa kwanza kumweleza ukweli. Kano ilikuwa imejivuta na kukauka kiganjani, na mfereji wake ulikuwa umeziba. Lau angefika siku chache za mwanzo, ncha mbili zingeshonwa pamoja. Sasa ilibidi kano nyingine itolewe kwenye mkono na kupandikizwa kidoleni, pengine kwa upasuaji wa mara mbili, na kufuatiwa na miezi ya mazoezi. Mjomba aliuliza angekaa muda gani bila kushika jembe. Alipojibiwa, alishukuru akarudi nyumbani.

Je, mtu hupona vipi kitu ambacho hakiponi? Alianza upya kama mtoto. Alizoea kuushikilia mshale baina ya kidole cha shahada na cha kati, sasa alijifunza kutumia cha kati na cha pete. Kila jioni alisimama hatua kumi kutoka kwenye shina la mbuyu na kuvuta uta usio na sumu. Kidole cha pete kilitoa malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Kile kigoma kilikuwa kimenyooka mbele ya uso wake kama shahidi mahakamani, na anakiri kwamba mara mbili alitamani kukikata. Zaidi ya hayo, upande mmoja wa ncha yake ulikuwa umekufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu nao ulikatwa. Aliwahi kuunguzwa na sufuria ya uji akagundua kwa harufu.

Kufikia mwaka wa 1976 alikuwa akilenga karibu kama zamani. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku uwindaji. Hapo mimi hucheka, yeye hacheki. Uta ukapanda darini mara ya pili, naye akageukia mizinga ya nyuki.

Nakusimulia haya, msomaji wa Nairobi au Nakuru usiyewinda chochote ila matatu, kwa sababu kano za vidole vyako ni zile zile. Kisu cha jikoni, kioo cha dirisha na mabati ya paa hukata vile vile. Mtu wako akikatwa kidole, mwinulie mkono juu na ukandamize kidonda kwa kitambaa safi. Mvue pete mapema kabla mkono haujavimba. Damu ikikoma, mwambie akunje kila kiungo, kimoja kimoja, kisha mguse pande zote mbili za ncha ya kidole umwulize kama anahisi. Kikikataa kukunjika, au kikiwa na ganzi, usikubali kushonwa ngozi tu. Omba barua ya kwenda kwa daktari mpasuaji, siku hiyo au kesho yake.

Kama kidole kimekatika kabisa, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga, kisha uweke mfuko huo katika maji yenye barafu. Barafu yenyewe isikiguse, maana hukiunguza. Mwaka wa 1965 huko Nara, Japani, madaktari Komatsu na Tamai walirudisha kidole gumba kilichokatika chote kikaishi. Hapa kwetu, mwaka wa 2018, madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walimrudishia kijana wa miaka 17 mkono uliokatwa na mashine ya kukatia lishe ya ng'ombe.

Lakini upasuaji ni siku moja. Kazi ni wiki zinazofuata, na hapo ndipo wengi huharibu. Kano iliyoshonwa hulindwa kwa banzi, lakini sharti isogezwe kidogo kidogo kila siku kwa maagizo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, la sivyo hugandana na mfereji wake. Ukiivuta kwa nguvu mapema, uzi hukatika. Kwa kawaida ni kama miezi mitatu kabla ya kubeba ndoo ya maji. Mshipa wa fahamu ulioshonwa nao huota kwa mwendo wa takribani milimita moja kwa siku, kwa hiyo ganzi huweza kudumu miezi mingi hata mambo yakienda vyema.

Nilipomtembelea mjomba mwezi uliopita alikuwa akijitayarisha kwenda kanisani. Vifungo vya shati huvifunga vyote mwenyewe, kwa gumba na kidole cha kati, upesi kuliko mimi. Kile cha shingoni ndicho kinachomshinda, tangu 1974. Hicho humwachia mkewe.