Utangulizi: Hoteli Ndogo na Mtaa Wake

Karibu, msomaji, katika taaluma changa inayochunguza hoteli za butiki: nyumba za wageni zenye vyumba vichache, kwa kawaida visivyofika mia, kila kimoja na sura yake, katikati ya mtaa unaosifiwa mjini. Wanaofika hapa hutoka pande nyingi. Mhandisi huvutwa na kuta, mchumi na bei za nyumba, mwanasosholojia na majirani. Nawapokea wote, ila naomba jambo moja tangu mwanzo: tusiisome hoteli hii kama jengo lililojitenga. Mgeni anayelipia chumba hununua pia vichochoro, harufu ya kahawa na wazee waliokaa barazani. Mwenye hoteli hamiliki hata kimoja kati ya hivyo, ila bei anayotoza imevihesabu vyote. Maswali yetu makubwa yanatokana na hapo.

Vitabu vingi huanzia New York mwaka 1984, Ian Schrager na Steve Rubell, waliokuwa wamiliki wa klabu ya Studio 54, walipofungua Morgans katika barabara ya Madison. Mbunifu wao, Mfaransa Andrée Putman, alipewa fedha kidogo, akapamba mabafu kwa vigae vya bei nafuu, vyeusi na vyeupe, vilivyopangwa kama ubao wa drafti. Vigae hivyo vikawa alama ya hoteli nzima. London nayo ilikuwa na Blakes, ya Anouska Hempel, tangu miaka ya 1970, kwa hiyo sioni haja ya kugombea nani alitangulia.

Nadharia utazikuta mbele, nami nazigusa tu. Mwaka 1964 Ruth Glass alieleza jinsi watu wa kipato cha kati walivyohamia mitaa ya wafanyakazi London na kuwasukuma wenyeji nje. Mwaka 1982 Sharon Zukin akaonyesha jinsi wasanii waliohamia katika viwanda vya zamani vya New York walivyowafungulia njia wenye mitaji. Dean MacCannell, mwaka 1976, aliandika juu ya mtalii anayetamani kuona maisha halisi ya wenyeji, lakini huishia kuonyeshwa yaliyoandaliwa kwa ajili yake. Ukiwasoma watatu hawa pamoja, una vifaa vya kuanzia.

Kwetu darasa bora liko Mji Mkongwe, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikakaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, na matengenezo yakakosa mwenyewe. Mamlaka ya hifadhi iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Utalii ulipokua, nyumba za matajiri wa karne ya 19 zikaanza kugeuzwa hoteli.

Ingia katika chumba kimojawapo, ukitazame vizuri. Ni kirefu na chembamba, upana wake mita tatu hivi au pungufu, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kikomo chake. Mkoko ndio ulioamua kitanda kikae wapi. Ukuta mnene ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu, kisha huutoa. Sasa mwekezaji anataka kila chumba kiwe na bafu lake, hata ghorofa ya tatu. Maji yakivuja nyuma ya kigae, ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza bila mtu kuona. Fundi akipiga lipu ya saruji badala ya chokaa, unyevu hukosa pa kutokea, na lipu hubanduka vipande vipande. Ndiyo maana namheshimu fundi wa chokaa kuliko mpambaji yeyote, na ningependa kila mwanafunzi wetu akae naye walau msimu mmoja wa masika.

Hoteli hizi zimeokoa nyumba ambazo zingeanguka, na kuzitunza ni gharama: hata jumba la Beit al-Ajaib mjini humo, lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Hata hivyo, nyumba iliyokuwa makazi ya familia kadhaa ikipokea wageni wa siku mbili tatu, mtaa hupoteza watoto wa chuoni na wateja wa duka la mchele. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za mwekezaji, nami naamini ni jukumu letu kuiandika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa mwanafunzi haifanyiki mapokezi. Nenda mlango wa nyuma alfajiri, wafanyakazi wanapobadilishana zamu. Waamkie, uwaulize wanakaa wapi, nauli ni kiasi gani, na nani kati yao alizaliwa mtaa huo. Kisha umuulize mwenye duka jirani kodi aliyolipa mwaka jana na anayolipa sasa. Daftari lenye majibu hayo nalihitaji kabla ya picha yoyote ya chumba.